Dawa ya Nywele na Mwanamke Asiyekuwepo

Mke wangu alikijua kichwa changu kabla ya kulijua jina langu. Yeye ni msusi, na wakati huo alikuwa amekodi kiti katika saluni iliyo chini ya fleti ninamoishi, huku mtaani Huruma. Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko upande wa Shauri Moyo, karibu na soko la Gikomba, na kazi yangu kubwa ni kubana suruali za mitumba: mtu hununua suruali ya Mzungu aliyekuwa na tumbo, akaniletea niipunguze imkae yeye asiye na tumbo. Siku hizo nilikuwa na dredi zilizofika mabegani. Nilikuwa nimechoshwa na jamaa aliyekuwa akinisokota kwa pupa kama anayekamua nguo, basi Jumapili moja nikashuka ngazi nikamkuta dada huyu hana mteja. Akanikalisha kwenye kigoda, akakaa nyuma yangu, akaniambia niinamishe kichwa.

Kusokota dredi huchukua nusu siku. Mtu akikushika kichwa nusu siku mtaongea tu, hata kama hukuja kuongea. Nikawa narudi kila mwezi, kisha kila wiki mbili, hadi yeye mwenyewe akachoka.

"Fundi," akasema, "hii kichwa haihitaji kazi yote hii. Si useme tu chenye unataka."

Nikasema. Tulioana kanisani kwao. Pasta alitaka nizifunge dredi nyuma siku ya harusi, nami nikazifunga bila ubishi. Angenitaka nivae kilemba ningevaa.

Baada ya harusi kichwa changu kiliacha kulipishwa. Jumapili tukitoka kanisani, yeye aliketi kwenye kochi, mimi nikaketi sakafuni katikati ya magoti yake, na harufu ya mafuta ya nazi ikajaa chumba. Mara nyingi kazi haikuisha. Jumatatu nilienda kibandani upande mmoja wa kichwa umesokotwa na mwingine umetimka, na mafundi wenzangu walinicheka mpaka chakula cha mchana. Sitasema zaidi ya hapo. Watu wazima wameelewa. Ninalotaka lieleweke ni kwamba kati yangu na mke wangu, nywele na mapenzi vilikuwa kitu kimoja tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo nywele zilipoanza kuniacha, niliogopa kuliko ambavyo mtu mwingine angeogopa.

Ukoo wetu ni wa vipara. Baba alikuwa nacho, ndugu zake wote walikuwa nacho, na katika picha ya mazishi ya babu wamepanga mstari vichwa vinang'aa. Lakini wao walianza wakiwa na wajukuu. Mimi nilianza kabla ya kupata hata mtoto. Paji la uso lilipanda, halafu utosi ukaanza kuonekana. Vijana wanaoniletea suruali waliacha kuniita "msee," yaani jamaa wa rika lao, wakaanza kuniita "mzee." Mlinzi wa benki alinipigia saluti. Hapa mjini mtu mwenye kipara hudhaniwa ana pesa, na kipara bila pesa ni hasara mara mbili: unatajiwa bei ya tajiri na huna nywele.

Hayo yote niliyacheka. Lililonikata maini ni Jumapili moja ambapo dredi ya mbele ilitoka yote mkononi mwa mke wangu, na mzizi wake. Sikuhisi maumivu. Nilihisi tu vidole vyake vikisimama. Halafu akaitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kunisimulia habari za mteja aliyemsumbua, sauti ikiwa ya furaha kuliko ilivyohitajika. Siku hiyo kazi iliisha yote, kila dredi, na yeye akaamka kupika.

Hapo ndipo nilipokwenda dukani kwa dawa.

Huku kwetu dawa hununuliwa kama nyanya. Huendi kununua pakiti. Unaenda kununua mbili za kichwa, nne za tumbo, na anayeuza anakukatia, anakutilia katika bahasha ndogo ya kaki, anakuandikia kwa kalamu umeze ngapi kutwa. Pakiti, pamoja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani yake, hubaki kwenye rafu. Nimekula dawa maisha yangu yote na sijawahi kuiona karatasi hiyo ya maelezo isipokuwa watoto wakiichezea barabarani.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye koti jeupe. Nilinunua kwanza za kichwa ambazo sikuzihitaji, ndipo nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia rafiki yake.

"Iko moja," akasema. "Ni ya wazee, ya tezi dume. Lakini wasee wanaitumia kwa nywele na inafanya. Unakata na wembe vipande vinne, unameza kimoja kila siku."

"Kwa nini robo?"

"Hiyo nzima ni nguvu ya mzee, boss. Wewe ya kichwa inakutosha robo."

Jina lake refu sitaliandika hapa, lisije likawa tangazo. Nilianza kama nilivyoambiwa. Wembe ninao, ni kifaa changu cha kufumulia mishono. Lakini tembe ilikuwa ndogo, ikikatwa inapasuka, kipande kimoja kinakuwa kikubwa, kingine unga. Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu aliyekulia mitaa hii ya Eastlands huamini kila kitu kimepunjwa kabla ya kumfikia. Maziwa yametiwa maji, mafuta ya taa yamechanganywa, kilo ya nyama si kilo. Sote hutia vijiko viwili vya majani ya chai palipoandikwa kimoja. Dawa iliyofika mpaka duka lile la mabati, nikajiambia, itakuwa imepunguzwa nguvu njiani, na mimi tena niikate mara nne? Nikawa nameza nzima, kila asubuhi kibandani, na chai. Bahasha niliificha kwenye droo ya cherehani. Sikumwambia mke wangu. Mwanamume kumeza tembe ili awe mzuri niliona ni aibu, na nilitaka adhani kichwa kimejirekebisha chenyewe.

Nywele ziliota. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kama dawa ingekuwa feki ningekuwa mtu wa kulaghaiwa tu, na kulaghaiwa tumezoea. Lakini ilifanya kazi. Baada ya miezi kadhaa mke wangu alipitisha kidole utosini akacheka: kulikuwa na vinywele vipya, laini kama vya mtoto. Akaita wenzake wa saluni waje waone. Aliamini ni mafuta yake.

Watu hudhani mwili ndio hugoma kwanza. Kwangu mwili uligoma baadaye. Kilichotangulia kuondoka ni hamu yenyewe, na iliondoka bila kuaga. Jumapili moja nilikuwa sakafuni pale pale pa siku zote, magoti yake huku na huku, mafuta yananukia, vidole vyake vimeshuka kutoka kichwani mpaka shingoni, na nikagundua kwamba nilikuwa nawaza zipu. Zipu ya suruali ya mteja iliyokuwa imenisumbua Jumamosi. Mkono wake ulikuwa mkono tu. Ulikuwa na joto, ulikuwa mzuri, na haukuwa na habari yoyote kwangu. Akaniinamia sikioni akaniambia neno. Nikamjibu kwamba nimechoka.

Alicheka. Wiki iliyofuata hakucheka. Baadaye nilijilazimisha, kwa kuona haya, na hapo ndipo mwili nao ulipokataa, na kukataa kwake kulikuwa kwa kimya kabisa. Nilimtazama mke wangu, mwanamke niliyemfuata kwa dredi na visingizio mwaka mzima, nikamwona mzuri kama mtu anavyoona nyumba ya jirani ni nzuri. Sijui namna nyingine ya kulisema. Nilihuzunika sana, lakini hata huzuni ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Nilikula njugu. Nilikula muhogo mbichi kwenye mkokoteni pamoja na wanaume wengine ambao hakuna hata mmoja aliyemwangalia mwenzake usoni. Nilisoma matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme, yale yanayorudisha mpenzi, kazi, mali iliyoibiwa na nguvu za kiume kwa nambari moja ya simu. Sikupiga. Na kila asubuhi, Mungu anisamehe, nilikuwa namalizia chai yangu kwa tembe ile ile.

Mwishowe nilikwenda zahanati. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, na nilimweleza huku nikitazama mzani wa watoto uliokuwa pembeni. Akaniuliza kuhusu sukari, presha, pombe, mawazo. Akaniuliza kama kuna dawa yoyote ninayotumia.

"Hapana, daktari."

Sikuwa nadanganya. Kwangu dawa ni ya ugonjwa. Alikuwa tayari anaandika vipimo vya damu niliposema, ili tu nisikae kimya, "Labda hii ya nywele."

Akaweka kalamu chini. Alitaka kujua jina, kisha kiasi, na nilipomwambia nzima alifumba macho kidogo. Akanieleza taratibu. Mwanamume ana homoni yake, akasema, na mwili huchukua sehemu ya homoni hiyo ukaigeuza kuwa kali zaidi. Hiyo kali ndiyo inayonyausha mizizi ya nywele kwa watu wa ukoo kama wetu, na ndiyo inayovimbisha tezi dume uzeeni. Tembe ile huuzuia mwili usiigeuze. Kwa hiyo wazee wanapata nafuu ya kukojoa na vijana wanaota nywele. Lakini homoni ile ina kazi nyingine pia, na kwa wanaume wengine ikishuka, hamu hushuka nayo.

"Si wengi," akasema. "Wengi wanameza na hawaoni chochote. Na wale wanaopata shida, wengi wao wakiacha, inarudi."

"Na wengine?"

"Wengine inachukua muda."

"Na wengine, daktari?"

Alinijibu kwa ukweli, na namheshimu kwa hilo ingawa nilitamani angenidanganya. Alisema kuna wachache wanaoacha dawa na hali isirudi, na kwamba madaktari wenyewe hawajakubaliana ni kwa nini. Nikamuuliza kama ningemeza robo ningekuwa salama. Akasema pengine, na pengine la, hata robo iliwahi kuwafanyia watu hivyo. Vipimo vya damu vilirudi baadaye vikionyesha homoni zangu ziko sawa. Nilimtazama aliposema neno hilo, sawa, akainamisha macho.

Dawa niliiacha siku ile ile ya kwanza. Nilitupa bahasha kwenye mtaro. Halafu nikangoja. Kilichorudi kwanza ni upara. Vile vinywele laini vilidondoka, na vile vya zamani vilivyokuwa vimesalia vikavifuata kama vinavyovionea wivu, mpaka nikamwomba kinyozi wa mtaani aniondolee dredi zote na kuninyoa kabisa. Mke wangu alinikuta nimeketi mezani na kichwa kitupu. Alikishika kwa viganja viwili akakilaza kifuani kwake, na alilia, na mimi nilikaa humo kifuani nikisubiri kitu chochote. Hakikuja.

Alikuwa ameshaanza kunichunguza. Alinusa mashati. Aliuliza kwa nini simu iko kifudifudi. Kwake hesabu ilikuwa rahisi, na kwa mwanamke yeyote wa fleti yetu ingekuwa ile ile: mume asiyekula nyumbani anakula nje. Nikaona nimwambie ukweli. Nilimweleza yote kama daktari alivyonieleza mimi, juu ya homoni, mizizi na tezi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dawa ya nywele," akasema.

"Ndiyo."

"Fundi, mimi nimefanya na dawa za nywele tangu nimalize shule. Nimechoma watu ngozi. Nimeona mtu amefura macho. Hakuna hata siku moja mtu amerudi kuniambia imemharibia kitanda." Akanyoosha mkono. "Na hizo dawa ziko wapi nizione?"

Zilikuwa kwenye mtaro. Nikasema hivyo, na nilivyojisikia nikisema, mimi mwenyewe nisingemwamini anayesema hivyo.

Kwetu ndoa ikiyumba huendi kwanza kwa pasta wala kwa wazazi. Unaenda kwa wasimamizi, wale mume na mke waliosimama nanyi siku ya harusi. Hao ndio waliobeba pete, na hao ndio wanaobeba aibu. Wa kwetu ni wazee wa kanisa wanaokaa Makongeni. Mzee alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na mama ni mwimbaji wa kwaya. Mke wangu aliwapigia. Tukaitwa Jumapili alasiri, tukanywa chai ya maziwa, tukala mandazi, tukaombewa, halafu mama akaenda kufunga mlango.

Nilisema ukweli tena. Nilijipanga vizuri kuliko mara ya kwanza. Mzee alinisikiliza huku akipapasa kichwa chake, nami nilijua anakoelekea kabla hajafungua mdomo, maana mzee ana kipara kisafi kama sahani.

"Kijana yangu," akasema, "mimi hii kichwa imekuwa hivi kabla sijafika miaka thelathini. Na niko na watoto watano. Nywele na hiyo mambo haviko pamoja."

"Mzee, si nywele. Ni dawa."

"Dawa ya nywele inaenda kwa nywele." Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Mzee akanisogelea, akashusha sauti. "Hapa hakuna mtu wa kukuhukumu. Shetani ni mjanja. Kuna mtu?"

Nikasema hakuna. Akaniuliza tena. Akanieleza kwamba hata yeye, zamani, alipokuwa akisafiri na kazi, alijaribiwa, na mama akatazama dirishani. Walinisukumia huyo mwanamke polepole, kama watu wanavyomsukumia mgeni kiti, na kadiri nilivyokataa kuketi ndivyo walivyozidi kusisitiza. Ndipo nikamwangalia mke wangu. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alikuwa ameinua uso, ananingoja. Nikaelewa kitu. Mwanamke wa kando wanajua la kumfanyia. Kuna maombi yake, kuna msamaha wake, kuna hata mahubiri. Homoni hakuna ajuaye pa kuishika. Ukweli wangu ulikuwa haumwachi mke wangu na lolote la kufanya isipokuwa kuamini kwamba simtaki. Na mimi nilikuwa nimechoka kutoaminiwa na watu wanaonipenda.

"Yuko," nikasema.

Chumba kizima kilishusha pumzi. Nawaapia, mke wangu alilia kilio cha mtu aliyetolewa mwiba. Mzee akanishika bega akaniita mwanamume. Akaniambia nimpigie huyo dada hapo hapo, simu iwe kwa sauti, nimwambie imeisha. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilitafuta kwenye simu nambari ya mama mmoja aliyekuwa akiniuzia nyuzi, ambaye laini yake ilikufa zamani, nikapiga. Ikajibu ile sauti ya kurekodiwa, ya mwanamke, ikisema mteja hapatikani. Hiyo ndiyo sauti pekee waliyowahi kuisikia ya hawara yangu.

"Amezima," mama akasema. "Moyo wake umemwambia."

Basi nikaandika ujumbe, mzee akausoma, nikautuma, nikaifuta nambari. Tukashikana mikono tukaomba.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri mchana. Mke wangu aliimba akipika. Alinipelekea chakula kibandani, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu tuoane, na akawasalimu mafundi wote kwa shangwe. Kitandani alisema atanipa muda, maana mama wa Makongeni alimwambia mwanamume aliyetoka nje hurudi mwili kwanza, moyo baadaye. Kwangu vyote viwili vilikuwa bado vinangojwa. Alinigeukia kila mara kwa upole, kisha akanigeuzia mgongo kwa upole ule ule.

Halafu akaanza kumuulizia huyo mwanamke. Si jina, jina alisema hataki kulijua. Alitaka kujua kichwa.

"Huyo mtu wako anasukwa nini?"

"Achana na hayo."

"Nataka tu kujua. Ni weave? Ni braids? Nani anamsuka?"

Niliona hatari. Wasusi wa Eastlands wanajuana. Ningesema amesukwa, angetafutwa kiti kwa kiti. Nikajibu haraka jibu nililoliona la salama kuliko yote.

"Hasuki. Amenyoa."

"Amenyoa kabisa?"

"Ndiyo. Karibu kabisa."

Akafikiri, kama anavyofikiri mteja akimwonyesha picha. Hakuuliza tena.

Mke wangu alikuwa na nywele ndefu, zake mwenyewe, zilizofika chini ya mabega. Ndizo zilizokuwa tangazo lake la biashara. Wateja walikuja wakisema nataka zikuwe kama zako. Alizitunza tangu akiwa msichana, mama yake akimsuka mlangoni. Ijumaa ile nilirudi nyumbani mapema kwa sababu stima ilikuwa imepotea Shauri Moyo na pasi hazipati moto. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba akiwa amevaa gauni la kitenge alilovaa siku ya kutoa mahari. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Kilikuwa kidogo, chenye umbo zuri, na nyuma ya sikio kulikuwa na kovu ambalo sikuwahi kulijua. Alikuwa anatabasamu.

"Sasa?" akaniambia. "Si hivi ndivyo unapenda?"

Nilimtazama. Nilitafuta ndani yangu kila mahali. Kama kulikuwa na chochote kilichobaki, cheche yoyote, ingepaswa kuamka wakati ule. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi, na kule chini kulikuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Aliiona. Tabasamu lake likaenda kidogo kidogo.

Niliketi sakafuni nikamwambia hakuna mwanamke. Hakuwahi kuwepo. Akasema nimeanza tena. Nikamwambia twende pamoja kwa daktari, na asiponisadiki huko basi aende kwao na sitamzuia.

Tulikwenda Jumatatu. Alifunga kitambaa. Daktari alitukumbuka, yaani alinikumbuka mimi, akamkaribisha mke wangu kiti, akafungua faili, akamwambia yote tangu mwanzo. Mke wangu aliuliza maswali mazuri kuliko yangu. Aliuliza kama kuna dawa ya kuirudisha. Daktari akasema wanaweza kujaribu hili na lile, ushauri, mazoezi, tembe za kusaidia mwili, lakini za kusaidia mwili hazileti hamu, na hataki kutuahidi. Aliuliza kama kukosa mtoto ni kwa hilo. Aliuliza kungoja ni mpaka lini.

"Sijui, mama," daktari akasema. "Ningekuwa najua ningekuambia."

Tulirudi kwa miguu. Tulifika karibu na nyumbani, kwenye wauza mboga. Alikuwa ananiamini, niliona kwa jinsi alivyoshika mkono wangu, kama unavyomshika mgonjwa kuvuka barabara. Nilikuwa nimetamani kuaminiwa kwa muda mrefu, na nilidhani siku nitakayoaminiwa kitu kitakuwa chepesi. Nikamwomba msamaha kwa lile nililomwambia Makongeni.

Alisimama akarekebisha kitambaa kichwani.

"Afadhali angekuwepo," akasema. "Huyo ningemshinda."

Kisha akanunua sukuma wiki, tukapanda ngazi.